Damu ya Mwenye Kisu

Naanza kwa Jina lake,
Mola asiye mwenzake,
viumbe vyote ni vyake
na kwake vitarejea.

Ayala humpa taji,
akalivua Mpaji,
akabaki mhitaji,
jipya likamuotea.

Na baada ya kulitaja Jina lililo bora kutajwa, na kumsalia Mtume na aali zake, watu wa habari hii na wajulikane kwa nyumba zao na nafasi zao, asije msomaji akamlaumu asiyestahili au akamhurumia asiyemjua.

Wa kwanza ni Daktari Arafa binti Hozza, tabibu wa wanyama katika Kituo cha Ayala cha Kwemboli, juu kabisa katika milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu huingia madirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Wa pili ni marehemu Mbaruku bin Hozza, kaka yake, baba mmoja mama mmoja, aliyekuwa mchinjaji wa kituo. Wa tatu ni mjane wake, Sikudhani, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya muwa. Wa nne ni Zaina, mtoto wao wa pekee, binti ambaye bado hajavunja ungo. Na wa mwisho, ingawa mwenyewe alijiona wa kwanza kila alikoingia, ni Profesa Nasoro Kivugo, mkuu wa kituo, ambaye jina lake lilitajwa kwa heshima katika hospitali za mabara matatu.

Ayala wekundu, wanyama mfano wa kulungu wakubwa wenye pembe za matawi, hawakuwa wa milima ile. Waliletwa kutoka nchi za baridi, na walipofika walichanganyikiwa. Kwao, ayala husoma mwaka katika urefu wa mchana. Mchana ukirefuka, dume huchipua pembe laini, yenye damu na mishipa, iliyovikwa ngozi ya manyoya mfano wa mahameli. Mchana ukifupika, mahameli hukauka yakambanduka, pembe ikawa mfupa mtupu, naye huanza kunguruma akitafuta majike na ugomvi. Kisha pembe huanguka, na mzunguko ukaanza upya. Lakini Usambara mchana na usiku ni ndugu pacha mwaka mzima. Basi dume mmoja alinguruma huku mwenzake akidondosha pembe, na wa tatu akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni.

Profesa Nasoro ndiye aliyewajengea mchana wa taa. Katika mabanda makubwa yasiyo na madirisha, taa zilirefusha siku na kuzifupisha kwa amri yake, hata mwaka mmoja wa wanadamu ukawa miaka mitatu ya ayala. Mavuno yakawa matatu. Na yaliyovunwa ni Kimea, dawa iliyokamuliwa katika ncha ya pembe changa. Kwani hakuna mnyama mwingine anyonyeshaye ambaye hupoteza kiungo kizima akakiotesha tena na mfupa wake, neva zake na ngozi yake. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo alidungwa Kimea, na baada ya majuma akainuka.

Lakini pembe haioti kwa hewa. Dume huiotesha kwa kukopa madini ya chokaa katika mbavu zake mwenyewe, na Muumba alimpa mwaka mzima ili apate kulipa. Pale Kwemboli hakuachiwa muda wa kulipa. Mbavu zikawa nyepesi kama mabua, na mwili uliochoka ukawa nyumba isiyo na mlango.

* * *

Siku Profesa Nasoro alipovunjwa mgongo, nje kulikuwa na jua la Mungu, na ndani ya banda kulikuwa na majira ya mngurumo. Alikuwa amefupisha mchana wa taa ghafla, kwa haraka ya mavuno, akaingia mwenyewe kutazama, maana hakuamini jicho la mtu mwingine. Dume aitwaye Makata, shingo imemvimba na pembe zimemkauka, hakuuliza cheo. Alimwinua Profesa, akambamiza ukutani, akarudi nyuma kumwangalia kama fundi aangaliavyo kazi yake.

Wafanyakazi walimtoa kwa kamba. Alipofungua macho katika zahanati ya kituo, hakusema shahada wala hakumwita mke. Alisema, "Mwiteni Arafa. Aandae Kimea. Kesho nichomwe, keshokutwa nianze kuhesabu siku za kutembea."

Naye Arafa, alipofikiwa na wito huo, alikuwa ameinamia darubini. Kwa majuma kadhaa alikuwa akimtazama dume aitwaye Kishada, wa banda jingine, mwenye pembe changa nzuri kuliko wote. Masikio yalikuwa yamemlegea. Udenda ulimtiririka. Alisimama kwenye birika la maji akinywa na kunywa, kichwa kimeinama, na akifukuzwa alizunguka mahali pamoja akarudi palepale. Arafa alimkata kijinyama kidogo kooni, akakitia rangi, akakitazama. Madoa meusi yalikuwa yamejaa kama sisimizi juu ya sukari.

Aliyajua madoa yale. Aliwahi kuyaona mahali pengine, katika kipande kidogo cha ubongo alichokiomba kwa machozi hospitalini kabla kaka yake hajaoshwa na kuvikwa sanda.

Ugonjwa ule si wa kijidudu. Ni protini iliyokunjika vibaya, nayo ikiigusa iliyo nzima huifundisha kukunjika vilevile, na ile ikaifundisha nyingine, mpaka ubongo ukawa na matundu kama sifongo. Haina uhai hata iuawe. Moto wa jikoni hauiwezi. Tangu zamani ilijulikana kuwa ni maradhi ya ayala peke yao. Lakini katika miili ile iliyozungushwa miaka mitatu kwa mmoja, protini ilipata nafasi ya kujifunza mkunjo mpya, na mkunjo huo ukawakubali wanadamu.

Alifunika darubini. Alikusudia kwenda kwa Profesa kumwambia, na sasa Profesa mwenyewe ndiye aliyemwita. Lakini miguu yake, kabla ya kwenda zahanati, ilimpeleka kwa wifi yake.

* * *

Sikudhani alikuwa barazani akichambua peasi, mazuri kapuni, mabovu kwa mbuzi. Hakusubiri salamu.

"Nasikia bwana mkubwa kapigwa pembe. Mungu si Athumani."

"Usifurahie msiba wa mtu, wifi."

"Sijafurahi. Nimetabasamu tu. Kufurahi ningali nakungojea."

Arafa alikaa kwenye kigoda. Zaina alitoka ndani na bilauri ya maji, akampa shangazi yake kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Arafa aliyapokea maji, lakini macho yake yalikuwa kwenye vidole vya mtoto. Havikutetemeka. Tangu msiba ule hakuwahi kupokea kitu kwa mtoto huyu bila kuvitazama vidole vile.

"Nenda kasome, mama," alimwambia. Mtoto alipoingia ndani, akaeleza yote: Kishada, madoa, na kwamba ni madoa yaleyale ya Mbaruku.

Kisu cha Sikudhani kilisimama katikati ya peasi.

"Ile supu," alisema.

Maana kule Kwemboli walikuwa na desturi. Kila Maulidi, dume aliyezeeka alichinjwa, nyama ikapikwa kwa wote, na kichwa kikapewa mchinjaji. Walisema kichwa ni cha mwenye kisu. Mwaka ule kulikuwa na mnong'ono kwamba dume lile la sadaka lilikuwa limekonda mno. Profesa alisimama mbele ya watu akawatuliza: limechinjwa kwa jina la Mungu, litachemshwa mpaka nyama iachane na mfupa, mnaogopa nini? Na watu wakatulia, kwa kuwa waliamini kwamba kilicho halali na kikaiva hakina tena njia ya kumdhuru muumini. Hawakujua kwamba uhalali ni hukumu ya kisu na nia, wala hauamuru protini ikunjuke. Mbaruku alikula kichwa. Ubongo alimpa Zaina vijiko viwili, awe na akili chuoni. Arafa mwenyewe alikunywa bakuli zima la supu na kuomba ya pili.

Mwaka uliofuata Mbaruku alianza kucheka pasipo cha kuchekesha. Kisha akawa anaanguka. Siku yake ya mwisho kazini alimlaza mnyama, akaelekea kibla, akasema bismillahi, na kisu kikabaki hewani. Alilikumbuka Jina, akasahau kilichofuata. Alisimama hivyo mpaka wenzake walipomshika mkono na kumkalisha. Hakushika kisu tena.

"Sasa sikiliza jambo," Sikudhani alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Siku ile nilimpelekea Profesa sinia kwa mikono yangu miwili. Pilau, na paja zima juu yake. Akasema, 'Nimefunga, Bi Sikudhani, niombee dua.' Nikastaajabu, mtu kasoma ng'ambo na bado anafunga sunna! Nikamsifu kwa wanawake wote jikoni. Basi hata alasiri haijaadhiniwa, nakwenda kutupa maganda nyuma ya ofisi, namkuta anakunywa chai ya tangawizi, na andazi mkononi."

"Akasemaje?"

"Aseme nini, na andazi limo mdomoni? Nikasema moyoni, kashindwa na saumu, binadamu dhaifu, nikamsitiri. Sikumwambia mtu, hata marehemu sikumwambia." Alitupa peasi zima, zuri, kwa mbuzi. "Kumbe nilikuwa namsitiri muuaji."

Arafa aliiweka bilauri chini. Jambo lilikuwa limekaa mahali pake kifuani, zito na baridi. Basi Profesa alikuwa amelipima dume lile. Alijua. Aliwatazama watu mia wakila kwa jina la Mtume, akakataa tonge moja.

"Hiyo dawa yake unaitengeneza wewe?" Sikudhani aliuliza.

"Mimi."

"Katika pembe ya dume yupi?"

"Nitakayemchagua."

Sikudhani alifuta kisu kwenye kanga yake, taratibu, upande mmoja kisha wa pili.

"Basi chagua, wifi. Wewe ndiye msomi."

* * *

Alimchagua Kishada.

Alimdunga ganzi, akamfunga mshipi chini ya pembe ili damu isimwagike, akaipapasa ncha. Ilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Dume alimtazama kwa jicho lililojaa maji, bila woga. Hofu ni kazi ya akili, na akili ilikuwa inamtoka. Arafa alishika msumeno mdogo, na kwa mazoea akafungua kinywa kusema bismillahi. Ulimi ukamgomea. Ni Jina gani litajwalo juu ya kazi kama hii? Alikata kimya.

Kinu cha maabara kilizunguka, kikatenga uzito na wepesi, chumvi na mafuta. Kilichobaki kilikuwa na rangi ya asali changa, nacho kikatosha kichupa kimoja. Vipimo vya kituo vyote vilikipitisha. Usafi wake: kamili. Nguvu yake: ya juu. Hapakuwa na kipimo hata kimoja cha kuitafuta ile protini, kwa kuwa mkuu wa kituo alikwisha kutangaza kwamba haipo.

Alipokuwa akikitia kichupa katika baridi, alijisikia akisema kwa sauti, peke yake katika chumba kile cheupe: "Kaka, kesho." Na neno hilo lilimpa raha aliyokuwa hajaionja tangu siku ya mazishi. Alilala usingizi mzito, akaamka ana njaa. Hilo ndilo lililomtisha kidogo, lakini si kiasi cha kumzuia.

* * *

"Karibu, Daktari," alisema Profesa Nasoro. Alikuwa amelazwa chali, mabegani ana nguvu kama jana, kutoka kiunoni kwenda chini ni mzigo wa mwingine. "Nimewaambia wote watoke. Sitaki mtu anione nikilia sindano. Leo hata mimi nitaota pembe, eh? Mke wangu atafute kofia kubwa."

Arafa aliweka sinia juu ya meza: sindano, pamba, kichupa. Pembeni aliweka mtungi wa magadi makali ambao hutumika kuharibu taka za maabara. Aliuweka kwa mazoea ya kazi.

"Profesa, siku ya Maulidi ulikuwa umefunga?"

Ucheshi ulimtoka usoni taratibu, kama maji yanavyozama mchangani.

"Maulidi ipi?"

"Unaijua."

Akageuza uso. Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani. Mwishowe akasema, "Kipimo kilikuwa cha mashaka, Arafa. Kipimo kimoja. Na kulikuwa na watoto kumi na wawili hospitalini, wamelala kama mimi hivi, wanangoja mavuno yale. Ningesema neno moja, mabanda yangefungwa siku ileile. Nilipima madhara kwa madhara."

"Na tonge lako ulilipima?"

"Nilikuwa mwoga. Haya, nimesema. Mwoga, si muuaji."

Mlango ulifunguliwa. Sikudhani aliingia bila hodi, amemshika Zaina mkono. Alimsimamisha mtoto miguuni pa kitanda.

"Nimemleta aone," alisema. "Alimwona baba yake akisahau jina lake. Na hili alione."

"Nani kamruhusu mwanamke huyu?" Profesa alisema. "Arafa, mtoe, tumalize kazi."

"Kazi tutamaliza." Arafa alivuta dawa katika sindano, akainyanyua kwenye mwanga, akatoa hewa. "Ila ujue unachodungwa. Hiki ni Kimea cha Kishada. Na Kishada ana kile alichokuwa nacho dume la Maulidi."

Profesa alijaribu kujiinua kwa viwiko, akashindwa, akaanguka chali. "Umekuwa mwendawazimu! Utanyongwa! Kimwage! Kanitolee kingine, cha dume mwingine, cha yeyote!"

"Kwa nini nikimwage? Kundi zima ni safi. Si wewe uliyetangaza? Sema kwamba si safi. Niite watu wote hapa uwaambie, na hospitali zote zijue, nami nitakimwaga mbele ya macho yako."

Hapo ndipo Arafa alipokuwa akitaka kumfikisha. Usiku kucha moyo wake ulikuwa umepachonga mahali hapo. Ama aimeze aibu yake mbele ya ulimwengu, ama aumeze uongo wake kwa mshipa. Alimtazama akigeuka huku na huku ndani ya macho yake mwenyewe kama Kishada kwenye birika.

Lakini mtu yule hakuwa mjinga. Alipofungua kinywa tena, sauti yake ilikuwa imetulia, sauti ya mtu aliyeko kazini.

"Maradhi yale hukaa mwilini kabla ya kuamka. Kaka yako alikula kwa wingi, yakamwahi. Mimi nitapata tone. Huenda yakakaa miaka kumi. Pengine ishirini. Nami nimekwisha kuvuka sitini." Alikunjua mkono wake juu ya shuka, mshipa ukaonekana. "Nitatembea, Arafa. Nitatembea, kituo kitaendelea, na siku maradhi yatakaponijia nitakuwa nimeshiba miaka. Choma. Na ukichoma, deni limekwisha. Damu kwa damu. Sitakushitaki, na nyinyi hamtanidai. Tumeachana."

"Mchome!" Sikudhani alisema. "Kakubali mwenyewe. Mchome kabla hajageuka."

Na Zaina, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema kwa sauti nyembamba iliyonyooka, "Mchome, shangazi."

Mkono wa Arafa ulikuwa umekwisha kushuka. Ncha ilikuwa imegusa ngozi. Lakini sauti ile ya mtoto ndiyo iliyoushika. Aligeuka akamtazama: ushungi mdogo, meno ya mbele makubwa kuliko uso, na chuki ya mtu mzima katika macho ambayo bado hulilia pipi. Na yale aliyofundishwa na baba yao, yeye na Mbaruku wakiwa juu ya mkeka mmoja, yakamrudia yamepangika kama safu za sala.

Damu ya aliyeuawa ni ya warithi wake. Wazazi wao walikwisha kufa, na Mbaruku hakuacha mtoto wa kiume. Angemwacha, dada asingekuwa na fungu. Ameacha mke, binti na dada. Watatu hao ndio wenye mali yake, na haohao ndio wenye damu yake. Akisamehe mmoja, kisasi huanguka. Na akiwa mmoja wao ni mtoto asiyebaleghe, hakuna wa kudai kwa niaba yake wala wa kusamehe kwa niaba yake, wala neno lake mwenyewe halishikiki. Hungojwa mpaka akue. Mtuhumiwa hufungwa, hulishwa, hutunzwa, na hungoja.

Profesa alikuwa anataka kulipa leo, kwa bei aliyoipanga yeye, kwa watu wawili kati ya watatu. Alikuwa anataka kununua miguu kwa damu ya Mbaruku na kupewa risiti juu yake.

Arafa aliinua sindano. Akaenda kwenye mtungi wa magadi, akaisukuma dawa yote ndani, kisha sindano, kisha kichupa, akafunika.

"Wifi!" Sikudhani alipiga ukelele kama aliyechomwa yeye. "Umeniibia! Umeniibia haki yangu mkononi!"

"Sijakuibia. Nimekuwekea."

"Umeniwekea nini? Si huyo analala kitandani anapumua!"

"Ndicho nilichokuwekea." Arafa alirudi kitandani, akakaa ukingoni, karibu kama mtu anayemzuru mgonjwa. Alisema polepole, asije yule mtu akapoteza neno hata moja. "Hatujaachana, Profesa. Hutapata cha Kishada, wala cha dume mwingine yeyote, kwa kuwa tangu leo hakuna Kimea salama Kwemboli, na nitawaambia hivyo watu wote nikitoka mlango huu. Nitawaambia na nilichotaka kukufanyia, wanihukumu wakipenda. Wewe utaishi. Nitakugeuza mwenyewe ili usiote vidonda. Nitakulisha. Nitakupima moyo na mapafu, na ukikohoa nitakesha. Mpaka mtoto huyu atakapovunja ungo, na akili yake ikakamilika, na ulimi wake ukawa wake. Hapo atakuja asimame pale aliposimama sasa, mbele ya kadhi, achague kilicho haki yake: kisasi, malipo ya dia au msamaha. Kadhi ataamua kipi kinakupasa. Si sindano yangu, wala si hesabu zako."

"Hiyo ni miaka," Profesa alisema.

"Ni miaka."

"Na yeye alikula ubongo." Alisema kwa kunong'ona, na kwa mara ya kwanza hofu yake haikuwa ya miguu wala ya jina. "Arafa, alikula ubongo. Je, kama..."

"Basi omba awe mzima. Omba kwa bidii kuliko mama yake. Ukitaka hukumu yako isomwe na mtu aliye hai na mwenye akili, omba usiku na mchana Zaina asicheke pasipo cha kuchekesha."

Mtu yule aliuweka mkono wake juu ya uso. Kisha, kutoka nyuma ya vidole, ikaja sauti ambayo wafanyakazi wa Kwemboli hawakuwahi kuisikia.

"Nichome, Arafa. Kitengeneze kingine. Nakuomba kwa Mwenyezi Mungu, nichome."

Sikudhani alimtazama kwa muda mrefu. Hasira yake haikupoa, bali ilipata mahali pa kukaa. Alivuta kiti cha ukutani, akakiweka karibu na kitanda, akaketi, akakunja kanga magotini.

"Profesa," alisema kwa upole wa kutisha, "umeshakula? Au umefunga?"

* * *

Adhuhuri ilipoisha Arafa aliomba kipaza sauti cha msikiti wa kituo. Aliwaambia watu kuhusu dume la Maulidi, kuhusu Kishada, kuhusu Kimea kilichomwagwa na nia aliyokuwa nayo alipokikamua. Hakupamba na hakujitetea. Hospitali zilipelekewa habari ileile. Kisha taa za mabanda zikazimwa na milango ikafunguliwa, na ayala wakatoka kwenye mchana ambao hakuna mtu aliyeupima. Ayala wagonjwa wangeuawa na kuchomwa katika tanuri kali. Wazima wangetengwa, na wazeeke kwa mwaka wa Mungu, mmoja mmoja, wakilipa mbavu zao deni lao.

Watu walikuja uani kwa Sikudhani: wapishi, walisha wanyama, mke wa mlinzi aliyebeba mtoto mgongoni, kila aliyekunywa supu. Wapo waliomlaani Arafa kwa kuchelewa kusema. Wapo waliomlaani kwa kutomchoma. Mmoja alimuuliza mwenzake kama na yeye amecheka ovyo siku hizi. Mwenzake akamjibu kwamba amecheka ovyo tangu azaliwe, hilo halihesabiki. Wakacheka wote, kisha wakanyamaza ghafla, kila mmoja akisikiliza kicheko chake kilivyokwisha.

Wakaomba Arafa awaombee dua, kwa kuwa yeye ni miongoni mwao. Alimkalisha Zaina mbele yake, akaishika mikono yake miwili, akainua macho.

"Ewe Mola, waliokwenda wamo mikononi mwako, na Mbaruku ni mmoja wao. Tunakuomba kwa ajili ya waliobaki. Wahifadhi waliokula kwa jina lako wakiamini. Zikunje protini zao ulivyozikunja siku ulipowaumba. Mhifadhi mjane, umpe subira asiyoipenda. Mhifadhi binti huyu, mkuze, mkamilishie akili, umpe ulimi wa kusema haki na moyo wa kuichagua. Na yule aliyelala pale ng'ambo, ya Rabbi, mrefushie umri. Mpe moyo wenye nguvu, na usikivu, na kumbukumbu isiyopungua, mpaka siku binti huyu atakaposimama mbele yake."

Nao wote wakaitikia, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Sikudhani: "Amin."